Eee, yaani, kati: majerikeni tunayoyaacha kwenye foleni ya maneno

Siku hizi hotuba haiishi mzungumzaji anapoketi. Mtu anahutubia harusi Mukono au uzinduzi wa kisima Tororo, na kabla pilau haijapakuliwa klipu yake imeshafika kwenye makundi ya WhatsApp. Imekatwa na kuunganishwa hadi zimebaki "eee" zake tu, mfululizo, kama gari linalokataa kuwaka asubuhi. Chini yake hukumu zinamiminika: huyu hakusoma; huyu anadanganya; Kiswahili kimemshinda, mpeni maji.

Klipu za namna hii zimeongezeka kwa sababu inayoeleweka. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Tangu hapo watu ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kununulia vitunguu au cha kuelewana na askari kizuizini wanajikuta wameshikishwa maikrofoni. Mimi hufundisha watu wazima jioni hapa Kampala: wafanyabiashara wanaovuka Busia na Malaba, askari polisi, walimu waliopewa somo ambalo wao wenyewe hawakulisoma. Kuliko hata ngeli, wanachoniuliza ni hiki: "Mwalimu, hizi eee nitaziachaje?" Kabla ya kujibu huwa ninaomba tutenganishe kwanza, maana kwenye zile klipu vitu visivyofanana hutupwa katika gunia moja.

Kuna sauti tupu: eee, aaa, mmm. Kuna maneno halali yaliyogeuzwa vibarua: yaani, kwa hiyo, sasa, unajua, nanii. Sisi wa Uganda tunaongeza yale yanayotoka Kiganda: kati, manya, kwe gamba. Haya yote nitayaita viraka, kwa kuwa kazi yake ni kuziba tundu lililo baina ya neno lililokwisha kutoka na neno ambalo halijafika.

Neno haliwi kiraka kwa kuzaliwa. "Yaani" lina asili ya Kiarabu, lenye maana ya "inamaanisha", na ukisema "alikuja na mkwe wake, yaani mume wa Amina", limefanya kazi yake sawasawa. Ukisema "yaani mimi yaani nilishangaa yaani", limekaa bure. Liondoe, sentensi ikibaki nzima, hicho kilikuwa kiraka. Wala tusijione watu wa ajabu: Waarabu, Waturuki na wasemaji wa Kiurdu hulichosha neno hilohilo kama sisi, Mjapani ana "eeto" yake, Mfaransa ana "euh". "Kati" ndilo lenye hatari ya pekee. Kwa Kiganda maana yake ni "sasa", lakini Mkenya au Mtanzania akisikia "kati tulifika sokoni", atangoja aambiwe kati ya nini na nini.

Kigugumizi ni kitu kingine kabisa. Mwenye kigugumizi analijua neno, analo mdomoni, ila linakwama: sauti inajirudia, inavutika au inakataa kutoka. Kiraka hutangulia neno ambalo bado linatafutwa. Mashauri yaliyo hapa chini hayamhusu mwenye kigugumizi. Yeye anahitaji mtaalamu wa matamshi na wasikilizaji wasiomkimbiza, na anayemkata klipu ili watu wacheke amefanya jambo la aibu.

Sasa, kiraka hutoka wapi? Msimamie muuza roleksi, ile chapati ya kukunjia mayai, pale kituo cha teksi. Mkono mmoja unapiga mayai kwenye kikombe cha plastiki, mwingine unageuza chapati, na wakati huohuo anakunjia mteja aliyetangulia kwenye karatasi. Kusema ni vilevile. Akili inachagua wazo, inatafuta maneno na kuyapanga kisarufi, na ulimi unayatoa, yote kwa mpigo. Wanasaikolojia wamepima kwamba kuona picha ya kitu cha kawaida na kuanza kukitaja jina huchukua zaidi kidogo ya nusu sekunde. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliolinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, ulionyesha kwamba katika mazungumzo mtu mmoja akinyamaza, mwenzake huanza kujibu baada ya takriban moja ya tano ya sekunde. Piga hesabu. Muda wa kungoja zamu ni mfupi kuliko muda wa kutafuta neno moja. Kwa hiyo tunaanza kusema kabla chakula hakijaiva, na mteja akiwa ameshanyoosha mkono muuzaji husema, "Inakuja, boss, inakuja." Hiyo "inakuja" ndiyo "eee".

Lakini kwa nini tuseme "inakuja"? Kwa nini tusinyamaze tu? Hapo nikupeleke bombani. Mtaa wowote wenye shida ya maji unajua kwamba mtu akiondoka kwenye foleni huacha jerikeni lake la manjano lisimame mahali pake. Jerikeni halina maji, lakini lina ujumbe: nafasi hii ina mwenyewe, nimekwenda mara moja, ninarudi. Mwaka 2002 Herbert Clark na Jean Fox Tree, baada ya kuchambua rekodi za mazungumzo ya Kiingereza, walitoa hoja inayofanana na hiyo. Sauti mbili ambazo Waingereza hutumia, "uh" na "um", walizisoma kama ishara kwa msikilizaji: ya kwanza hutangulia kukawia kidogo, ya pili hutangulia kukawia zaidi. Wapo wataalamu waliowapinga, wakisema hazipangwi kama ishara bali humtoka tu mtu. Hata hivyo msikilizaji huzitumia. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011 kutoka Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, yalionyesha kwamba watoto wa umri wa karibu miaka miwili wakisikia mtu mzima akisita hivyo, macho yao huelekea kwenye kitu kigeni ambacho bado hawajakijua jina. Mtoto ameshaelewa kwamba neno gumu linakuja.

Kwa hiyo kwenye mazungumzo, sokoni Owino, kwenye simu na mama mkwe, kiraka si adui. Ukikiondoa chote, ndugu zako watadhani umemaliza na watakukata kauli.

Shida inaanza unapopanda jukwaani. Pale hakuna foleni. Maikrofoni ni yako, mshereheshaji ameshakutaja jina, watu mia mbili wamekaa kimya na hakuna anayetaka kukunyang'anya zamu, labda mtunza muda. Bado mdomo umezoea bomba la mtaani na unaendelea kupanga majerikeni kwenye uwanja mtupu. Mkorogano wote wa mjadala huu, kwa maoni yangu, unatokea hapo. Watu wanadhani kiraka ni uchafu wa akili, kumbe ni adabu ya mazungumzo iliyopelekwa mahali isikohitajika.

Jukwaa pia linatunyima kitu. Ukisimulia habari nyumbani, msikilizaji hukuitikia kila baada ya maneno machache: "mmm", "eee", "enhe", "bannange!" Kwa sisi mtu asiyeitikia ni kama amekasirika. Ukumbini hawaitikii. Kwenye mkutano wa mtandaoni wamezima hata sauti. Mzungumzaji asiyezoea anaanza kujiitikia mwenyewe. Zisikilize "sawa?" na "si ndiyo?" za walimu wetu wakirekodi vipindi vya redio, ni mtu aliyewekwa chumbani peke yake anayejibu kwa niaba ya darasa.

Tuje kwenye hukumu ya kwanza, kwamba mwenye "eee" hakusoma. Mwaka 1991 Stanley Schachter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walihesabu viraka vya wahadhiri wakiwa darasani. Wa sayansi asilia walikuwa na vichache, wa fasihi na sanaa walikuwa na vingi zaidi. Ungedhani wa fasihi ndio wenye ulimi mzito. Lakini wahadhiri haohao walipohojiwa kuhusu mambo ya kawaida, tofauti ile haikuonekana. Maelezo ya watafiti ni kwamba kwenye sayansi jambo mara nyingi lina jina moja tu, ilhali anayezungumzia shairi ana njia kumi za kusema jambo lilelile, na kuchagua kunamkawiza.

Sasa mfikirie Mganda wa kawaida wa Kampala, mwenye Kiganda, Kiingereza, Kiswahili na pengine Kinyankole cha upande wa mama. Kila neno lina wagombea wanne. Anataka kusema "mradi" na "project" imeshafika mlangoni, "pulojekiti" imekaa kochini. Eee yake ni sauti ya kuwatoa wageni. Kuna na suala la ngeli. Kwa Kiswahili huwezi kufungua kitenzi kabla hujajua jina limo kundi gani: barabara imeharibika, daraja limeharibika, chuo kimefungwa. Anayetoka Kiganda au Kisoga ana ngeli za kwao, akili yake inaujua mchezo ingawa kanuni zinatofautiana kidogo. Anayetoka Gulu au Lira amekulia lugha isiyo na mfumo huo kabisa. Nikisikiliza rekodi za wanafunzi wangu Waacholi na Walango, viraka vyao havitawanyiki ovyo, vinakaa palepale, baada ya jina na kabla ya kitenzi: "Daraja... eee... li... limevunjika." Mtu huyu hatibiwi kwa somo la ujasiri. Anatibiwa kwa kufanya mazoezi ya majina ishirini atakayoyatumia kwenye hotuba yake, kila moja pamoja na kitenzi chake.

Hukumu ya pili, ya uongo, haina miguu. Utafiti mmoja wa Australia uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta hata kinyume chake: watu walipotunga uongo, "um" zao zilipungua. Nisingeitumia hiyo kumkamata mwongo yeyote, wala mpiga kura asitumie "eee" kumtambua. Mwongo aliyejiandaa huteleza vizuri sana.

Na ipo imani ya tatu, inayoniudhi zaidi: kwamba dawa ni adhabu. Faini ya shilingi mia tano kwa kila "yaani", mpira wa kujichapa mkononi, rafiki wa kuguna. Wengi wetu tulipita shule ambazo mtoto aliyeteleza kwenye lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni hadi ampate mwenzake wa kumpokeza. Hatukujifunza kuongea vizuri. Tulijifunza kunyamaza na kuviziana. Hofu inakula akili ileile inayotakiwa kutafuta neno, na neno likikawia, kiraka kinaingia. Isitoshe, kujiambia "nisiseme yaani, nisiseme yaani" ni kulikaribisha neno lenyewe likae mbele ya ulimi.

Kabla ya dawa, kiraka kimoja cha kwetu Uganda chenye suti. Unakijua: "Leo tumekuja hapa kufanya nini? Kuzindua kisima. Kisima hiki kitatupatia nini? Maji. Na maji ni nini? Ni uhai." Kwa Kiingereza chetu ndiyo ile "tunakwenda wapi" inayosimama katikati ya kila sentensi. Asili yake ni darasani, mwalimu akingoja watoto waitikie kwa pamoja, na kwenye mkutano wa hadhara inachemsha watu vizuri. Lakini mara nyingi mzungumzaji haulizi kitu. Anajinunulia sekunde moja ya kufikiri. Kwenye msiba, au mbele ya jopo la ajira, watu wazima wanaanza kujisikia wamerudishwa darasa la tatu. Ndugu zake ni wale wakubwa wa itifaki: "sina mengi ya kusema", "bila kupoteza wakati", "kama walivyotangulia kusema wenzangu". Hivyo navyo ni viraka, ila vimevaa tai, na hakuna anayevikata klipu.

Dawa, basi. Mwaka 1973 wanasaikolojia Nathan Azrin na Nunn walieleza njia ya kuacha mazoea kama kutafuna kucha: kwanza mtu ajifunze kulitambua tendo linapotaka kuanza, kisha aweke mahali pake tendo jingine lisiloweza kufanyika pamoja nalo. Mwaka 2016 Mancuso na Miltenberger walichapisha jaribio la kuitumia njia hiyo kwa wanafunzi sita wa chuo kikuu wenye viraka vingi katika hotuba, na viraka vilipungua. Ninaipenda kwa sababu haimwombi mtu awe mwingine. Inambadilishia jerikeni.

Hatua ya kutambua inauma. Simama nyumbani, washa kinasa sauti cha simu, zungumza dakika mbili kuhusu jambo unalolijua bila karatasi. Kisha sikiliza. Mimi nilijirekodi nikieleza njia ya kutoka Ntinda hadi Nakawa na nikaacha kuhesabu "kwa hiyo" zilipofika thelathini. Nilikuwa na hakika kwamba sina tatizo! Usihesabu tu, andika kila kimoja kimekaa wapi. Mwanzo wa sentensi? Baada ya "na"? Kabla ya tarakimu? Kwenye klabu za Toastmasters, chama cha kujifunza kuhutubia kilichoanzishwa na Ralph Smedley huko California mwaka 1924 na chenye klabu hata Kampala, kila kikao kina mtu wa kuhesabu viraka vya wasemaji. Ni desturi nzuri, ila hesabu peke yake haikusaidii sana. Ukiambiwa "kumi na saba" unaona aibu; ukiambiwa "vinane kati yake vilikuwa kabla ya tarehe", unajua pa kufanyia kazi.

Mahali vilipo panakuonyesha ugonjwa. Vikikaa mwanzo wa sentensi, unaanza kusema kabla hujajua unakwenda wapi. Vikikaa kabla ya miaka na fedha, ziandike kwa maneno ya Kiswahili, "elfu mbili na ishirini na mbili", maana wengi wetu tunahesabu kwa Kiingereza kichwani na kutafsiri kwa mdomo. Vikija baada ya "na", sentensi zako ni treni, zikate. Mtu anayesema sentensi fupi ana vituo vingi vya kupumulia na hakuna anayemshangaa akisimama kituoni.

Kisha tendo la kubadilishia: unapohisi eee inapanda, funga midomo na uvute pumzi kwa pua. Hutaweza kutoa "eee" ukiwa unavuta pumzi. Mwanzoni mwambie mtu wa nyumbani ainue kidole kila akisikia kiraka, asiseme neno, wewe ufunge mdomo, uvute, uendelee. Dakika tano kwa siku zatosha. Usianzie kwenye harusi ya watu. Anzia unapoagiza katogo, unapompa wa bodaboda maelekezo, unapotuma ujumbe wa sauti.

Kinachowashinda wengi hapa ni kimya chenyewe. Ukiwa jukwaani sekunde mbili zinafanana na safari ya kwenda Arua. Ukisikiliza rekodi baadaye unakuta kimya kile kilichokutoa jasho kwa shida hata kinasikika. Ninawalazimisha wanafunzi wangu wakisikilize, kwa sababu maneno yangu hawayaamini. Masikio yao wanayaamini.

Wengine hukimbilia kukariri hotuba nzima. Siwashauri. Aliyekariri akipoteza neno moja amepoteza uzi wote, na hapo viraka hurudi kwa fujo. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho, katikati uwe na hoja zako kwenye kikaratasi. Wala usitafute sifuri. Msomaji wa taarifa ya habari hana viraka kwa sababu anasoma, na mtu anayeongea hotuba kama taarifa ya habari huanza kusikika kama tangazo. Viwili vitatu kwa dakika hakuna atakayeviona.

Niliwahi kukaa karibu na omwogezi, msemaji wa upande wa bibi harusi, kwenye kwanjula moja, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, njia ya Masaka. Mzee wa makamo, kanzu nyeupe, koti jeusi. Kila alipotaka kutaja jambo zito alinyamaza, akaiweka sawa kola ya koti, akawatazama wageni waliopiga magoti, kisha akasema. Hema zima lilimsubiri. Jirani yangu alininong'oneza kwamba hiyo ndiyo heshima ya wazee, siku hizi haipo. Baada ya chakula nilimfuata, nikamuuliza, "Mzee wangu, pale uliposhika koti kabla ya kumwita ssenga, yule shangazi wa bibi harusi, mbele, ulikuwa unawaza nini?"

Akacheka hadi akashika tumbo. "Mwanangu," akasema, "nilikuwa nimelisahau jina lake."